Unga wa Manjano wa "Kuondoa Uvimbe wa Ndani": Tathmini Baada ya Siku Tisini

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka soko la Marikiti, lipo duka la viungo na dawa za miti shamba ambalo sitalitaja jina, linalouza mkebe ambao kwa mwaka mzima uliopita nimeusikia ukisifiwa harusini, vikaoni na hata kwenye viti vya kungojea daktari. Mkebe una gramu 250 za unga wa manjano uliokolea rangi, bei yake ni shilingi 1,400, na lebo yake inaahidi mambo matatu kwa pamoja: kuondoa uvimbe wa ndani, kusafisha kizazi, na kutibu PCOS, yaani sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, kwa siku tisini. Niliununua, nikautumia siku zote hizo isipokuwa mbili nilizokuwa safarini, nikapima damu kabla na baada, na naandika tathmini hii kwa ajili ya wanawake wa Pwani wanaoishi na hali hii kama mimi, ambao wengi wao najua wameshautia mkebe huu kikapuni au wanafikiria kuutia.

Nina umri wa miaka 33. PCOS iligunduliwa kwangu miaka sita iliyopita, baada ya hedhi kunipotea kwa miezi minne na ndevu kuanza kuniota kidevuni. Daktari alinieleza kwamba utambuzi hufuata vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, navyo ni vitatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya wingi wa homoni za kiume, na ovari ambazo picha ya ultrasaundi huzionyesha kuwa na vifuko vingi. Mwanamke mzima mwenye viwili kati ya hivyo, baada ya maradhi mengine yanayofanana kuondolewa, huhesabiwa kuwa na PCOS. Mimi nilikuwa na vyote vitatu. Tangu wakati huo natumia metformini, dawa ya hospitali inayousaidia mwili kuitumia sukari, na naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu linagusa karibu kila jambo ninalolisema hapa chini.

Neno la kwanza kwenye lebo ndilo lililonifanya nitoe pesa, na ndilo ninaloliona kuwa kosa kubwa la bidhaa hii. Kwetu, mwanamke akiambiwa ana uvimbe, kinachomjia akilini ni kitu kinachoshikika: uvimbe wa kizazi, ile nyama inayoota kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na ambayo wakati mwingine huondolewa kwa upasuaji. Vifuko vinavyoonekana kwenye ovari za mwenye PCOS si uvimbe wa namna hiyo, wala si maji yanayopaswa kuyeyushwa. Ni vijifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani kabla ya yai kukomaa na kutoka. Na kile ambacho watafiti hukizungumzia wanapoihusisha PCOS na mwili unaojihami bila adui ni kitu cha tatu kabisa, ambacho kwa Kiswahili cha kitabibu huitwa mchochota. Ukijikata kidole, mahali pale hupata joto, huwa pekundu, huvimba na huuma; huo ni mchochota wa muda mfupi, na ni rehema, kwa kuwa ndiyo njia ya mwili kupigana na vijidudu na kuliponya jeraha. Mchochota wa PCOS hauna joto, hauumi wala hauvimbishi mahali popote. Ni kaa lililo chini ya jivu: halionekani, lakini halizimi, na joto lake dogo hudumu miaka.

Lebo inayoviita vitu hivi vitatu kwa jina moja inamdhuru mnunuzi, nami nililishuhudia hilo kwa macho yangu. Siku niliyokwenda kununua mkebe wa pili nilimkuta mama mmoja akinunua mitatu kwa mpigo kwa ajili ya bintiye ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa na uvimbe wa kizazi na alikuwa akitokwa na damu nyingi kila mwezi hata akichoka kupanda ngazi. Aliuziwa mikebe ileile niliyouziwa mimi, kwa maelekezo yaleyale, bila ya kuulizwa kama binti ameshapimwa wingi wa damu. Nilimsogelea nje ya duka nikamshauri ampeleke hospitali kwanza, na aliniitikia kwa upole, ila sijui aliamua nini.

Sasa, je, kuna mchochota kweli ndani ya miili yetu, au ni maneno ya wauzaji tu? Upo. Ini hutengeneza protini iitwayo CRP kila linapopata habari kwamba mahali fulani mwilini pana mchochota, na kipimo chake chenye makini zaidi huweza kugundua hata kiasi kidogo: chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa kuwa chini, kati ya 1 na 3 ni wastani, na zaidi ya 3 ni juu kwa hesabu ya hatari ya maradhi ya moyo. Mwaka 2001 watafiti wa Glasgow walieleza kwamba wanawake wenye PCOS walikuwa na CRP ya juu kuliko wenzao, na mwaka 2011 uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba kwa wastani kiwango hicho kiliwazidi wenzao kwa asilimia 96, hata baada ya kuondolewa zile tafiti ambazo makundi yake hayakulingana kwa unene. Uchambuzi huohuo haukukuta tofauti ya kutegemewa katika baadhi ya alama nyingine za mchochota, jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nami nalitaja ili nisimzidishie mtu hofu.

Namna mchochota huu unavyotutesa inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndipo ilipo tofauti kati ya unga unaoweza kusaidia na unga unaojigamba. Mafuta yanayojikusanya tumboni, kuzunguka ini na utumbo, si mzigo uliolala. Seli zake zikinenepa kupita kiasi huvutia chembe za kinga, na kwa pamoja hutoa kemikali za ujumbe ambazo huzivuruga seli za mwili zisiisikie ipasavyo insulini, homoni inayoingiza sukari selini. Kongosho, likiona sukari haiingii selini, huongeza insulini. Insulini iliyozidi huzihimiza ovari zitengeneze homoni nyingi za kiume, na wakati huohuo hulizuia ini kutengeneza protini inayozishika homoni hizo katika damu, kwa hiyo zinabaki huru nyingi zaidi za kuotesha ndevu, kuleta chunusi na kulizuia yai lisikomae. Tena, wembamba peke yake si kinga: watafiti wa Marekani waliwanywesha wanawake maji ya glukosi na kuchunguza chembe nyeupe za damu, wakaona kwamba kwa wenye PCOS sukari iliuamsha mchochota hata kwa baadhi ya wasio wanene. Nilipoyasoma haya nilikumbuka vikombe vyangu vya chai, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Turudi kwenye mkebe. Lebo inataja manjano, tangawizi, mdalasini, uwatu, habasoda na pilipili manga, lakini haitaji kiasi cha kimojawapo, na hili ni pungufu ambalo mnunuzi yeyote ana haki ya kulilalamikia. Kiini cha manjano kinachochunguzwa na wanasayansi kinaitwa kurkumini, nacho ni kama asilimia 3 tu ya uzito wa manjano makavu. Maelekezo yanasema kijiko kidogo asubuhi na kingine jioni; nilipima kwa mizani ya jikoni nikapata gramu 3 kwa kijiko, yaani gramu 6 kwa siku. Tuseme kwa ukarimu kwamba nusu ya unga ni manjano: gramu 3 za manjano zina kurkumini kama miligramu 90. Majaribio yaliyofanywa Iran kwa wanawake wenye PCOS, ambayo ni madogo, yalitumia kurkumini iliyokamuliwa na kutiwa kwenye vidonge, na mojawapo lilifikia miligramu 1,500 kwa siku kwa wiki 12, likaonyesha kushuka kiasi kwa sukari ya damu ya kabla ya kula. Kuifikia dozi hiyo kwa unga wa kawaida, mtu angehitaji kula gramu 50 za manjano kila siku, jambo ambalo tumbo lolote lingelikataa.

Kwa haki, aliyeubuni mchanganyiko huu alijua jambo moja muhimu. Kurkumini hupenya utumboni kwa shida, na sehemu kubwa yake hutoka mwilini bila ya kuingia katika damu. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, ile kali iliyo ndani ya pilipili manga, ikitolewa pamoja na kurkumini huongeza kiasi kinachoingia damuni kwa asilimia 2,000 kwa binadamu. Kutia pilipili manga, basi, si pambo. Kurkumini pia huyeyuka katika mafuta wala si katika maji, na kwa hiyo mama zetu waliotia manjano kwenye mchuzi wa tui la nazi walikuwa wakiitumia vizuri kuliko maelekezo ya mkebe huu, yanayotutaka tuikoroge kwenye maji moto matupu. Baada ya wiki mbili niliacha maji, nikawa nautia unga kwenye mchuzi wa samaki na kwenye maziwa, na ladha yake ikawa nzuri kweli: viungo vilikuwa vipya, tangawizi inasikika, na habasoda haijazidi. Katika upande huu sina lawama.

Jambo lililonifaa zaidi ni sharti dogo lililoandikwa mgongoni mwa mkebe, kwamba unga unywewe badala ya chai ya maziwa na bila ya sukari. Kabla ya hapo nilikuwa nikinywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko viwili vya sukari, na asubuhi mahamri mawili au matatu kwa mbaazi za nazi; sukari ya chai peke yake ilikuwa vijiko sita, karibu gramu 24. Kwa siku tisini vijiko hivyo viliondoka vyote. Sikuacha mbaazi, kwa kuwa mbaazi ni chakula chema chenye nyuzinyuzi na protini, ila mahamri yakabaki ya Ijumaa. Nikiyaweka mezani yote niliyoyabadilisha, naona kwamba kilichotoka kikombeni kina uzito kuliko kilichoingia.

Vipimo vyangu vilikuwa hivi. Kabla ya kuanza, CRP ilikuwa miligramu 4.8 kwa lita, na baada ya siku tisini ilikuwa 3.9. Mzunguko wa kiuno ulishuka kutoka sentimita 98 hadi 95. Hedhi, ambayo kwa miaka miwili ilikuwa ikija baada ya siku 60 au zaidi, ilikuja mara mbili ndani ya kipindi hicho. Muuzaji alipoyaona makaratasi yangu alifurahi na kuniomba niyaache dukani ili awaonyeshe wateja. Nilikataa, na naona ni wajibu kueleza sababu. CRP hupanda kwa mafua, kwa jino bovu, kwa jeraha, hata kwa vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, nami nilipopima mara ya kwanza nilikuwa nimetoka kung'olewa jino wiki mbili tu kabla. Aidha, katika miezi hiyohiyo nilikuwa nimeanza kutembea jioni nne kwa wiki, dakika 45 kila mara, kando ya bahari pale Mama Ngina, na sikuacha metformini hata siku moja. Tofauti ya 0.9 kwa mtu mmoja, katikati ya mabadiliko yote hayo, haiwezi kubandikwa jina la unga. Tena, kipimo cha CRP si miongoni mwa vigezo vya kuitambua PCOS, na mwanamke asidhani kwamba asipokuwa na pesa za kukilipia amekosa matibabu.

Kuhusu huduma ya dukani, nina mawili ya kusema, na la pili ni zito. La kwanza ni kwamba nilipokewa kwa heshima. Bi mwenye duka ni mtu mzima, aliniweka kitini, akanipa maji, akanisikiliza kwa muda ambao hakuna daktari aliyewahi kunipa, na alipotaja maneno ambayo wanawake wasiopata watoto hurushiwa na mawifi na majirani, macho yalinilenga machozi. Naelewa kabisa kwa nini wanawake hurudi pale. La pili ni kwamba, baada ya kunisikiliza, aliniambia: "Mwanangu, hizo dawa za hospitali zakuchosha mwili bure. Ziache, unga huu watosha." Nilimjibu kwa adabu kwamba sitaziacha, naye hakusisitiza. Lakini nawafikiria wasichana wa miaka 20 wanaoketi kwenye kiti kilekile na ambao kwao neno la mtu mzima ni amri. Metformini huwasaidia wengi wetu kuisikia insulini tena. Letrozoli ndiyo dawa ya kwanza inayopendekezwa kwa mwenye PCOS ambaye yai halikomai na anatafuta mtoto. Na mwanamke anayepitisha zaidi ya siku 90 bila ya hedhi anahitaji kuonana na daktari, kwa sababu utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ukiendelea kunenepa bila ya kutoka, kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya mahali hapo. Hayo hayaoshwi na chochote kinachoitwa kusafisha kizazi. Mfuko wa uzazi hauna uchafu unaongoja kusafishwa, na msemo huo, ambao tumeurithi na kuuzoea, umewatia aibu wanawake wasio na kosa lolote.

Kuna pia usalama, ambao lebo haiusemi kabisa. Uwatu kwa wingi haufai kwa mja mzito, na mwanamke mwenye PCOS ambaye hedhi yake haina kalenda anaweza kuwa mjamzito wiki kadhaa kabla ya kujua. Piperini hiyohiyo inayoisaidia kurkumini inaweza kubadilisha jinsi mwili unavyozipokea na kuzivunja baadhi ya dawa, na yeyote anayetumia dawa za kila siku ana sababu ya kumuuliza mfamasia kwanza. Vidonge vya kurkumini vyenye nguvu nyingi vimehusishwa na visa vya madhara ya ini. Kiasi cha unga huu ni kidogo mno kulinganisha, ila anayedhani kwamba kuzidisha vijiko ni kuharakisha kupona anapaswa kulijua hilo. Mwisho kuna rangi. Nchini Bangladesh watafiti waligundua kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa kemikali yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo na kwa mimba. Sisemi kwamba mkebe huu unayo. Nasema kwamba unga unaouzwa kwa wanawake wanaotafuta mimba unapaswa kupimwa, na kwamba nilitafuta alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa na namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu kila upande wa mkebe nisizione. Bidhaa ikishasema kwamba inatibu, imeshatoka kwenye rafu ya bizari.

Gharama nayo haikunipendeza. Lebo inazungumzia siku tisini, lakini kwa gramu 6 kwa siku mkebe mmoja unakwisha siku ya 42, kwa hiyo nililazimika kununua mitatu, jumla shilingi 4,200. Kwa pesa hizo, mtu angenunua Marikiti manjano mazima yaliyokaushwa, ambayo ni magumu kughushi kuliko unga, akayatwanga mwenyewe pamoja na pilipili manga na mdalasini, na bado akabakiwa na fedha za jodari au dagaa, ambao wana mafuta ya omega-3, na za mchicha, kunde na pojo kwa wiki kadhaa. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023 hausemi kwamba kuna mlo mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine yote. Unahimiza ulaji wenye afya unaomfaa mtu na utamaduni wake, pamoja na mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nimefarijika sana kwa sentensi hiyo, kwa kuwa meza ya Mswahili, ukiipunguzia sukari na unga mweupe, ina karibu kila kinachotakiwa.

Kama kiungo cha jikoni, naupa unga huu nyota nne kati ya tano. Kama tiba ya PCOS sikuupa hata moja, na nilimweleza hivyo Bi mwenye duka nilipokwenda kumrudishia mkebe wa tatu uliobaki karibu mzima, si kwa kudai pesa, bali ili tuisome lebo pamoja. Nilimwomba mambo matatu: aandike kiasi cha kila kiungo, aondoe neno kutibu, na aweke onyo kwa waja wazito na kwa wanaotumia dawa. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya kwanza, akavaa miwani, akayaandika kwenye daftari lake la madeni. Wiki iliyopita nilipita tena pale. Lebo ni ileile, lakini juu ya rafu amebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa: mja mzito asitumie, na mwenye dawa za hospitali asiziache.